Nyumba Inayosikia: Historia Fupi ya Sauti na Amri, Handeni na Korogwe

Wapo wanaodhani kwamba nyumba inayotii sauti ya mwenyewe ni kitu kilichozaliwa juzi huko Marekani. Unasema taa iwake, inawaka. Unasema muziki uzimwe, unazimwa. Hakuna aliyeinuka kitini, hakuna aliyegusa swichi. Vijana tukiona mambo hayo kwenye filamu tunapiga miluzi na kusema wenzetu wamefika mbali. Mimi nasema tusiwe na haraka ya kushangaa. Nyumba za namna hiyo zilikuwepo Korogwe kabla babu zetu hawajaoa. Tofauti ni kwamba aliyesikia na kutii hakuwa kidude cha plastiki. Alikuwa mtu.

Katika makala haya nitafuata historia ya sauti ndani ya nyumba, tangu hodi ya wazee mpaka spika za leo, katika wilaya mbili ninazozijua kwa miguu yangu: Handeni na Korogwe. Sababu ni kwamba vyombo hivi vimeshaanza kuingia kwetu, na watu wanauliza bei tu. Kuna swali jingine ambalo sisikii likiulizwa. Nyumba ikishaanza kusikia, itamsikia nani? Na habari itakazosikia itampelekea nani?

HODI

Nyumba ya zamani ya Mzigua wa Handeni, au ya Msambaa na Mbondei wa upande wa Korogwe, ilijengwa kwa miti, udongo na nyasi. Mlango ulikuwepo, lakini kufuli lenyewe hasa lilikuwa sauti. Mgeni husimama uani akapiga hodi. Akijibiwa "karibu" anaingia. Asipojibiwa hupiga ya pili, hupiga ya tatu, kisha huondoka zake. Anayeingia baada ya kimya hicho anatafuta maneno.

Tazama jinsi utaratibu huu ulivyokuwa na akili. Aliye ndani anamtambua mgeni kabla hajamwona: hii sauti ya shemeji, hii ya mkwe, ngoja kwanza nijifunge khanga vizuri. Kila sauti inapata jibu lake. Tena hodi ni ombi. Anayeipiga, hata awe jumbe, anakubali kwamba wa ndani ana haki ya kunyamaza. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililopotea nyumba zilipoanza kupewa amri.

BOI!

Amri zilikuja na mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo ikaanza kujengwa reli ya kutoka Tanga kwenda bara. Ilipofika 1902 gari moshi lilikuwa Korogwe, na mashamba yakaifuata reli kama siafu wanavyofuata mafuta: Hale, Ngombezi, Magunga na mengineyo. Wajerumani walipoondolewa na vita, wakaja wenye mashamba wengine, Waingereza, Wagiriki, Waswisi na Wahindi. Mkonge ukabaki.

Kila shamba lilikuwa na makao ya namna mbili. Mahali pazuri penye upepo palikaa nyumba ya meneja, yenye baraza pana na wavu wa mbu madirishani. Mbali kidogo zilikuwepo kambi za wakata mkonge, vyumba vilivyobanana, mtu na kuni zake na sufuria yake. Wengi wa wakata mkonge walitoka mbali, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, ikiitwa SILABU. Waliitwa manamba, maana kila mmoja alipewa namba. Jina alilopewa na baba yake halikuwa na kazi kwenye daftari.

Ndani ya nyumba ya meneja walikuwemo watu wengine: mpishi, dobi, yaya na boi. Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Bwana amekaa barazani, jua limezama. Anaita, "Boi!" Hilo ndilo lilikuwa neno la kuiamsha nyumba. Baada ya neno hilo hufuata amri moja fupi, leta chai, washa taa, funga dirisha, na nyumba inatii. Bwana hajainuka. Aliyeitwa angeweza kuwa mzee mwenye wajukuu na mvi kichwani, lakini neno la kumwamsha lilikuwa lilelile, boi, yaani mtoto wa kiume.

Hata lugha ilichongwa kwa kazi hiyo. Mwaka 1936, upande wa Kenya, F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara, na jina lake la Kiingereza lilitaja kabisa walengwa wake: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Kiswahili cha walowezi kilikuja kuitwa Kisetla. Kilikuwa lugha ya leta, weka, ondoa, ngoja. Mtu aliweza kuishi miaka 20 katika Afrika kwa lugha hiyo bila kumuuliza mtumishi wake swali linalohitaji jibu refu.

Lakini mabwana walisahau jambo moja. Boi alikuwa na masikio yake mwenyewe. Akiwa amesimama nyuma ya kiti na birika mkononi alisikia nani ana deni, nani anagombana na mkewe, nani atafukuzwa kazi mwisho wa mwezi. Usiku akirudi kambini habari zilirudi naye. Kwa hiyo nyumba ile ilitii juu, ikapeleka habari chini. Kumbuka hilo, msomaji, kwa sababu mbele tutakuta nyumba inayofanya kinyume chake.

WAYA JUU YA PAA

Umeme wenyewe ulitoka mlangoni kwetu. Mwaka 1931 iliundwa kampuni ya Tanganyika Electric Supply, ndiyo TANESCO ya mwanzo, ikapewa maporomoko ya mto Pangani. Mtambo wake uliongezwa kidogo kidogo mpaka ukafika megawati 17.5. Wateja wake wakubwa walikuwa mji wa Tanga na mashamba ya mkonge, ambako korona zilikuwa zikisaga majani na kutoa singa. Mwaka 1964 ukafunguliwa mtambo wa Hale, ndani ya wilaya ya Korogwe, megawati 21, mashine zake zikiwa chini ya ardhi. Mwaka 1968 ukafuata wa Nyumba ya Mungu, juu zaidi ya mto huohuo, megawati 8. Na katikati ya miaka ya 1990 mtambo mpya wa maporomoko ya Pangani, megawati 68, uliojengwa kwa msaada wa Norwei, Uswidi na Finlandi.

Hesabu hizo ni nzuri kuzisoma. Lakini umeme ulikwenda Tanga, ukaenda Dar es Salaam, na vijiji vingi vilivyo karibu na mto viliendelea na koroboi. Mwenye uwezo aliwasha chemli, na penye harusi au hitima ikaletwa karabai. Waya zilipita juu ya paa za makuti na nyasi kama treni isiyosimama kituo kidogo. Watoto walijua kwamba ule mnong'ono wa waya ni umeme, na kwamba si wao.

Handeni ilifaidi mto huo kwa njia nyingine. Handeni ni nchi ya ukame, na tangu zamani mwanamke wa Handeni ameipima siku yake kwa ndoo. Katika miaka ya 1970 ulijengwa mradi wa maji unaoitwa HTM, ambao unachota maji ya Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma kwa pampu mpaka Handeni. Hivyo wilaya hizi mbili zimefungwa pamoja kwa bomba na waya. Pampu zikinyamaza kule, huku ndoo zinapangwa foleni.

Umeme wa vijijini ulikuja kwa kasi baada ya sheria ya Wakala wa Nishati Vijijini ya mwaka 2005, na REA yenyewe ikaanza kazi 2007. Bei ya kuunganishiwa kijijini ikashushwa mpaka Sh 27,000. Kwa nyumba ya udongo ambayo haijatandazwa nyaya kikaletwa kidude kinachoitwa UMETA, yaani Umeme Tayari: kiboksi kimoja cha ukutani chenye soketi na swichi zake. Hapo ndipo nyumba nyingi za kwetu zilipowaka mara ya kwanza, na hapo ndipo historia hii inapokutana na simu na intaneti. Lakini kabla hatujafika huko, kulikuwa na sauti nyingine iliyoingia nyumbani bila kusubiri waya.

SANDUKU LINALOSEMA

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 kwa mtambo mdogo. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Redio ya betri haikuhitaji Hale wala Pangani. Ilihitaji mawe manne au sita, na mawe yakichoka yalianikwa juani, yakatobolewa kwa msumari, yakatiwa maji ya chumvi. Kila kijiji kilikuwa na bingwa wake wa kufufua betri.

Kwa mara ya kwanza nyumba ya mkulima ilikuwa na sauti isiyo ya mtu aliyemo. Nayo ilisema Kiswahili. Hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko tunavyolichukulia leo. Bibi wa Sindeni aliyezoea Kizigua alisikia Kiswahili cha Dar es Salaam kila jioni mpaka kikawa chake. Matangazo ya vifo yalisikilizwa kwa utulivu wa msikitini, maana lolote laweza kutajwa. Novemba 1978 sauti ya Mwalimu Nyerere iliingia nyumbani ikisema tuko vitani na Idi Amin, na watu waliisikia wamekaa kwenye mikeka yao.

Redio hii ilitoa amri pia, tusidanganyane. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka uliofuata, wakati wa operesheni ya vijiji, familia nyingi za Handeni zilizokuwa zimetawanyika mashambani zilihamishwa, nyumba zikapangwa mistari. Tayari alikuwepo balozi wa nyumba kumi, ambaye kazi yake mojawapo ilikuwa kujua kinachosemwa katika nyumba hizo.

Lakini redio ilikuwa na tabia moja njema: haikusikia. Ungeweza kuitukana mpaka ukachoka, nayo ikaendelea na taarifa ya habari. Na balozi alikuwa na sura. Ulimjua kwa jina, ulimsalimia, ulijua saa ya kushusha sauti. Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo zama hizi za sanduku linalosema bila kusikia zilidumu zaidi ya miaka 40.

MITA YENYE AKILI ZAKE

Watu wakiniuliza chombo cha kwanza chenye akili kuingia nyumba za kwetu ni kipi, nawaambia ni LUKU. Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Ilianza miaka ya 1990, na leo karibu kila mtu anaijua: unanunua umeme kwa simu, unaletewa tarakimu 20, unazibofya kwenye mita, inalia, taa zinawaka. Ukimaliza ulicholipia, haikufokei wala haikubembelezi. Inakata.

Mita hii ina historia ya ajabu. Tarakimu zinazotumiwa na mita za namna hii duniani kote hubeba ndani yake hesabu ya dakika, iliyoanza kuhesabiwa mwaka 1993. Nafasi ya kuiweka hesabu hiyo ilitosha dakika milioni 16 na ushee, basi. Ilikuwa imekadiriwa kwamba nafasi itajaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo TANESCO iliwataka wateja waingize mafungu matatu ya tarakimu 20, jumla tarakimu 60, ili mita ianze hesabu upya. Wazee waliovaa miwani ya kusomea walikaa mbele ya mita wakisomewa namba na wajukuu. Wachache waliambiwa kwamba kile kidude kilikuwa kikiishi kwa kalenda yake tangu enzi za Mzee Ruksa.

Na mwaka 2021 mita ikaongezewa kazi. Kodi ya majengo ikaanza kukatwa humohumo, Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Sisemi kodi ni mbaya. Nasema tu: chombo kilichofungwa ukutani kwako, ukakilipia wewe, kinaweza kupewa kazi nyingine na mwingine wakati wewe umelala. Nani alipigiwa hodi?

SPIKA YA MANUNDU

Sasa tufike kwenye kitu chenyewe. Nimeshuhudia kikifungwa, katika nyumba moja ya Manundu, Korogwe mjini. Dada mmoja jirani, ambaye alifanya kazi za ndani Maskati kwa miaka kadhaa, alirudi na boksi lenye spika moja ndogo kama kopo la maziwa, balbu nne na plagi mbili. Nilimuuliza kwa nini kaleta hivyo na si friji. Akacheka, akasema, "Kule mimi ndo nilikuwa naitwa. Sasa na mimi niite."

Kazi yenyewe si ngumu, ila inataka subira. Kwanza iwepo rauta yenye laini na bando. Kisha simu iwekewe programu ya kampuni, ujiandikishe kwa barua pepe, ukubali kurasa na kurasa za masharti ambazo hakuna anayezisoma. Balbu unaiwasha na kuizima mara kadhaa mpaka ianze kukonyeza, ndipo simu inaiona. Kila balbu inapewa jina. Tukaipa moja jina la "sebule". Spika ilipoambiwa iwashe sebule ikakaa kimya, halafu ikaanza kupiga wimbo wa Kihispania. Fundi umeme wa mtaa akasema, "Huyu mgeni. Mwiteni kwa lugha ya kwao." Tukabadilisha majina yote yakawa ya Kiingereza, na taa zikawaka.

Mama wa yule dada, bibi wa miaka sabini na kitu, akaambiwa ajaribu. Akakohoa kidogo, akajiweka sawa, akasema kwa heshima zote: "Hodi humo ndani. Tunaomba taa." Kimya. Akarudia, maana hodi ni tatu. Kimya. Mjukuu wake wa miaka minane, anayesoma shule ya Kiingereza, akasema maneno matatu tu na sebule ikang'aa. Bibi alicheka, lakini alicheka kidogo.

Baada ya wiki nyumba ilikuwa na utaratibu mpya. Swichi za ukutani zilibandikwa karatasi, kwa sababu ukizima swichi balbu haisikii tena hata uiite kwa Kilatini. Umeme ukikatika na kurudi usiku wa manane, balbu zote ziliwaka kwa pamoja na watu wakaamka wakidhani kumekucha. Bando likiisha spika ilikuwa jiwe. Na bibi akitaka taa alimwita mjukuu, mjukuu akaiita spika. Mtoto wa miaka minane ndiye aliyekuwa na sauti ndani ya nyumba.

Alikuwepo na binti wa kazi, kutoka Kwamatuku, Handeni. Yeye alizikariri zile sentensi za Kiingereza kwa siku moja, akazitamka bila kujua maana yake, na spika ikamtii. Kisha akaniuliza swali ambalo bado sijalijibu: "Hii nayo imeajiriwa? Mbona haifui?" Amri ya serikali ya mishahara ya mwaka 2013 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri kuwa Sh 40,000 kwa mwezi. Mabinti wangapi wa Handeni na Korogwe wameipata hiyo huko Dar es Salaam, wajibu walio nao majumbani.

SAUTI YA NANI?

Spika haikumdharau bibi. Mashine haina dharau. Husikia iliowafundishwa, na hivyo ndivyo ilivyo tangu mwanzo. Mwaka 1952 maabara ya Bell huko Marekani ilitengeneza mashine iliyoitwa Audrey, iliyotambua tarakimu tu, tena kwa uhakika pale iliporekebishwa ifuate sauti ya msemaji mmoja. Mwaka 2014 Amazon ilipotoa spika yake ya Echo, yenye Alexa ndani, ilielewa Kiingereza cha Marekani. Mwaka 2016 ikaongezewa Kijerumani. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka meneja wa kwanza wa mkonge akiwa barazani.

Kiswahili nacho kimeanza kusogea. Mwaka 2005 watafiti wa Nairobi na wenzao walieleza programu waliyoitengeneza ya kusoma Kiswahili kwa sauti. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili na Kiamhari katika huduma yake ya kuandika kwa kusema. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilipata dola milioni 3.4 za kukusanya sauti za Kiswahili katika mradi wa Common Voice, ambamo mtu yeyote anasoma sentensi na kuzitoa bure. Lakini Kiswahili kipi? Tayari mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa lahaja ya Unguja, na wengine tukaambiwa tunaongea vibaya. Kama sauti za bibi wa Manundu na binti wa Kwamatuku hazimo katika makusanyo haya mapya, tutaambiwa hivyo mara ya pili, safari hii na balbu.

Na Kizigua je? Katika karne ya 19 njaa iliwasukuma Wazigua wengi kushuka pwani, na baadhi yao wakaishia utumwani Somalia. Wazao wao katika bonde la Juba waliendelea kukisema ndani ya nyumba zao, kizazi baada ya kizazi. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwarudisha baadhi kama wakimbizi, wakapokelewa Handeni, kwanza Mkuyu kisha Chogo, na wengi baadaye wakapewa uraia. Walipofika, wenyeji waliwaelewa. Lugha ile haikuwa na redio wala shule iliyoilinda. Iliishi kwa sababu mama alimwita mtoto kwa lugha hiyo na mtoto akaitika. Ikiwa ndani ya nyumba tutaanza kuita taa, muziki na maji kwa lugha nyingine, tutakuwa tumefanya kile ambacho utumwa wa Juba ulishindwa kukifanya.

Liko na lile swali la habari zinakokwenda. Boi alisikia, akapeleka kambini. Spika nyingi za aina hii husikia, zikapeleka ng'ambo: amri ya kuwasha taa iliyo juu ya kichwa chako husafiri kwa waya wa chini ya bahari mpaka kwenye mitambo ya kampuni, ndipo jibu lirudi. Mei 2024 nyaya hizo zilipokatika, intaneti ya Tanzania ililegea siku kadhaa. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza shauri lililofunguliwa na serikali ya Marekani kuhusu kuhifadhi sauti za watoto. Sisi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Sheria ni nzuri, ila haitampigia mtu hodi. Mwenye nyumba ndiye wa kuuliza: sauti ya mwanangu inawekwa wapi, na nikitaka ifutwe nimwambie nani?

Simwambii mtu asinunue spika. Yule dada wa Manundu amefanya kazi, kavuja jasho, ana haki ya kuita na kuitikiwa. Mtu asiyeona au asiyeweza kuinuka kitandani, taa inayosikia ni msaada mkubwa kwake. Ninachosema ni kwamba isikie kwa lugha yetu, na ituambie inachokipeleka.

Kwa ndugu zangu tunaojifunza kuandika ninalo ombi moja. Amri za mabwana tunazo, zimechapwa vitabuni. Majibu ya waliozipokea hatuna. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa Uhuru sasa amepita 80. Bado wapo wachache Ngombezi, Magunga na Hale waliosimama nyuma ya viti vile na birika mkononi. Kama mmoja wao ni babu yako au bibi yako, mwekee simu mbele, mwombe ruhusa, mrekodi. Mwache aseme kwa lafudhi yake, kwa Kisambaa, kwa Kizigua, kwa Kiswahili cha kambini. Muulize alikuwa akiitwa nani na mama yake, kabla hajaanza kuitwa Boi.